Bodi Mbili Zinakataa Kukutana: Tafuta Kosa Kabla ya Kuagiza Upya

Kifurushi kimefika, selotepu umekwisha kuikata, bodi za saketi za kifaa chako zinang'aa. Umelehemu soketi (konekta yenye matundu) kwenye bodi ya chini na heda (konekta yenye pini) kwenye ya juu, ukazikutanisha: upande mmoja umezama, mwingine umebaki juu kama mlango uliovimba kwa mvua. Hapo mkono hutaka kusukuma. Uzuie. Pini iliyolazimishwa hupinda chini ya plastiki mahali usipoona, na ukishaipinda umeharibu na ushahidi, kwa sababu hutajua tena kama ilikuja na kosa au kosa umelitia wewe.

Hapa Nairobi kosa la nusu milimita hulipwa kwa wiki. Bodi za idadi ndogo wengi wetu tunaagiza China, na mimi huhesabu wiki tatu tangu nitume faili hadi nishike bodi mkononi. Kwa hiyo ukigundua kosa moja usikimbilie kurekebisha faili na kuagiza. Makosa haya hutembea kwa makundi. Toleo la kwanza la kifaa changu cha kupima maji kwenye matangi ya juu ya paa, bodi moja ya chipu na redio, nyingine ya umeme na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme), lilikuwa na makosa matatu. Mimi niliona moja. Nikarekebisha, nikaagiza, nikangoja wiki tatu nyingine ndipo nikakutana na yale mawili.

Anza kwa kutoa skrubu zote

Fungua kila skrubu, ondoa nguzo zote za kati, zile zinazoshikilia bodi mbili mbalimbali kwa skrubu, kutanisha bodi zikiwa tupu nje ya kasha. Ni jaribio la dakika moja, nalo linagawa matatizo mafungu mawili. Zikiingia vizuri, konekta hazina hatia: kosa liko kwenye mashimo ya skrubu au kwenye kimo cha nguzo. Zikigoma bado, kosa liko kwenye pini zenyewe.

Zikigoma, tafuta vitu viwili dukani mwa vitabu: pedi ya wino wa muhuri na karatasi inayopenya mwanga, ile ya kunakilia michoro. Bandika karatasi juu ya soketi kwa selotepu. Gusisha ncha za pini kwenye wino. Pitisha skrubu mbili ndefu kwenye mashimo ya kona ziwe kama reli, teremsha bodi ya juu mpaka pini ziguse karatasi, kisha inua. Umepata doa moja kwa kila pini, na chini ya karatasi unaona matundu ya soketi. Chukua lenzi au kamera ya simu, soma.

Madoa yanayozidi kuachana na matundu kadiri unavyokwenda mwisho wa mstari yanasema pichi haifanani, yaani umbali wa katikati ya pini hadi katikati ya jirani yake. Madoa yaliyohama yote kwa kiasi kimoja, upande mmoja, yanasema konekta iliwekwa mahali pasipo pake. Madoa yaliyonyooka lakini yamekaa mshazari yanasema konekta imelehemiwa ikiwa imepinda. Hilo la mwisho ni la pasi ya kulehemu, si la mchoro: yeyusha upya uinyooshe. Futa wino kwa spiriti kabla ya kuendelea, maana ukikauka ndani ya soketi utakuletea ugonjwa mwingine.

Pini ya kwanza inaingia, ya mwisho inagoma

Hii ndiyo pichi. Heda za kawaida ni milimita 2.54, kwa kuwa zilizaliwa kwenye inchi: sehemu moja ya kumi. Lakini kuna jamii nzima ya konekta za milimita 2.50 kamili, JST XH zikiwemo, na kwa macho hakuna awezaye kuzitenganisha. Kwenye pini nne tofauti ni 0.12 tu, zinaingia kwa kunung'unika. Kwenye mstari wa pini 20 kuna nafasi 19, na 19 mara 0.04 ni 0.76. Zaidi ya unene wa pini nzima, ambayo ina upana wa 0.64. Haitaingia hata uombe.

Nilinunua za namna hiyo Luthuli Avenue. Nilimwuliza kijana wa kaunta kama zinalingana na nilizoshika mkononi, akazitazama kwa nukta moja: "Hizi ni zile zile, mkubwa. Hesabu pini." Nilihesabu. Ishirini. Kweli zilikuwa ishirini.

Siku hizi nakwenda na vania kalipa mfukoni, ile rula ya kubana inayosoma sehemu ndogo za milimita. Pima kuanzia ukingo wa nje wa pini ya kwanza hadi ukingo wa nje wa pini ya 20, kisha toa unene wa pini moja. Ukipata 48.26, pichi ni 2.54. Ukipata 47.50, mrudishie. Usipime nafasi moja peke yake. Kosa la 0.04 halionekani hapo, ila likirudiwa mara 19 hata vania ya bei rahisi inaliona.

Mtego huo huo uko kati ya 1.27 na 1.25. Wa 2.00 dhidi ya 2.54, kama kwenye moduli za redio za XBee, hauna hila: utauona ukiwa mlangoni. Na wakati mwingine duka halina kosa, kosa ni lako, kwa sababu ulichora futiprinti (mchoro wa nafasi za pini za konekta kwenye bodi) kwa mkono ukiwa na gridi ya desimali moja, programu ikakuzungushia 2.54 kuwa 2.5. Andika namba kama ilivyo kwenye hati ya data ya mtengenezaji.

Wanaotengeneza bodi ya kupanda juu ya Arduino Uno, ile bodi maarufu ya kujifunzia, wana lao. Kati ya pini ya 7 na ya 8 za upande wa dijitali kuna milimita 4.06, umbali usioangukia kwenye gridi ya 2.54. Ndiyo maana ubao wa mashimo wa kawaida haukai pale mpaka upinde pini. Ukichora kwa kudhani, utapata konekta moja inayoingia na jirani yake inayokataa, na utalaumu kiwanda bure.

Madoa yote yamehama sawasawa

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, nami nitakaa kidogo.

Swali la kwanza: ulipima kutoka wapi? Wengi wetu huweka konekta kwa kuhesabu kutoka ukingo wa bodi. "Milimita 5 kutoka kushoto, 8 kutoka chini," tunaandika, halafu tunafungua bodi ya pili na kurudia. Lakini ukingo ndicho kitu kisichoaminika kuliko vyote kwenye bodi. Mashimo na shaba hutengenezwa kwa mashine zinazolingana. Ukingo hukatwa mwisho kabisa, na viwanda vingi vya bei nafuu hujiruhusu kukosea hadi 0.2 hivi. Zikiwa zimevunjwa kutoka paneli kubwa kwa mikato ya herufi V, au zile zenye meno ya panya pembeni, inazidi. Bodi mbili, kingo mbili, kila moja na kosa lake.

Chagua kianzio kimoja, na kiwe kwenye konekta. Mimi hutumia pini ya kwanza ya konekta kuu: hapo ni sifuri, kwa bodi zote mbili. Mashimo ya skrubu yanapimwa kutoka hapo, konekta ya pili kutoka hapo, na ukingo ndio unaofuata nyuma, hata ukitoka mbaya kidogo haudhuru kitu.

Bora zaidi, acha kuandika namba mara mbili. Kwenye KiCad, programu ya kuchora bodi, mimi hutengeneza futiprinti moja kubwa yenye konekta zote na mashimo yote ya skrubu ndani yake, kama kipande kimoja kisichoachana. Bodi ya chini inapata kipande hicho, na ya juu inapata pacha wake. Ukitaka kusogeza konekta nusu milimita, unasogeza ndani ya kipande, na pacha unamsasisha hapo hapo, kabla hujanywa chai ukasahau. Mwenye shule ya michoro ya umbo atoe bodi zote mbili katika faili za STEP, zinazobeba umbo lote, azikutanishe ndani ya programu ya FreeCAD na kuzungusha aone. Ila angalia: faili mbili zilizotolewa na vianzio viwili zitakutana vizuri kwenye skrini kwa sababu ulizisogeza mwenyewe kwa kipanya mpaka zikakutana. Hapo umejidanganya kwa rangi za kupendeza. Ziingize zote kwa sifuri yake, usiziguse, uone zinaangukia wapi.

Halafu fanya jaribio la karatasi, ambalo nalithamini kuliko skrini. Chapisha bodi zote mbili kwa kipimo halisi, bandika kwenye kadibodi ya katoni, toboa, chomeka konekta zenyewe. Gharama ni shilingi chache saibani. Mwambie mhudumu asiache printa ibane ukurasa utoshee karatasi, kwa maana ndivyo ilivyowekwa kwenye mashine nyingi, na mchoro wako utatoka asilimia 96 au 97 bila kukuaga. Chora mstari wa milimita 100 pembeni, na kabla hujalipa weka rula juu yake. Mhudumu mmoja aliniuliza, "Sasa unapima karatasi?" Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa 97.

Konekta moja imeingia, ya pili imegoma

Konekta mbili zikiwa kwenye bodi moja, kila moja inataka kuwa bwana. Ya kwanza ikishaingia imekwisha kuamua bodi ikae wapi, na ya pili lazima iangukie mahali pake bila ruhusa ya kusogea. Ongeza mashimo manne ya skrubu yaliyobana, na sasa una mabwana sita kwenye nyumba moja.

Ikiwa ni heda za 2.54 za kupenya bodi, dawa ipo kwenye namna ya kulehemu. Usilehemu kila bodi kivyake. Chomeka heda ndani ya soketi kwanza, zote, zikiwa tupu. Vika bodi ya chini na ya juu. Funga nguzo kwa skrubu. Ndipo ulehemu pini moja kila kona, ukague, umalize. Pini ya mraba wa 0.64 ina mshazari wa karibu 0.9, nalo tundu la bodi ni 1.0 hivi, kwa hiyo kuna mchezo mdogo ambao bodi zenyewe zinautumia kujipanga. Usipanue tundu ili upate mchezo zaidi; pini zitalala upande na utarudi kwenye madoa ya mshazari.

Zile za kulehemiwa juu ya uso wa bodi, za pichi 0.5 au 0.4, hazina huruma hiyo. Hati ya data huandika ni kiasi gani konekta mbili zinaweza kupishana, nacho huwa sehemu ndogo sana ya milimita. Ukiweza, tumia konekta moja kubwa badala ya mbili ndogo. Ukishindwa, peleka ya pili kwa utepe laini wa nyaya, au nunua zile zinazoelea, ambazo plastiki yake inaruhusu bodi kuhama hadi karibu nusu milimita kila upande. Ni ghali, ndiyo. Linganisha na wiki tatu.

Na mashimo ya skrubu yapunguziwe madaraka. Kwa skrubu ya M3, shimo moja liwe 3.2. La pili, kona ya mbali, liwe mfereji uliorefushwa kuelekea lile la kwanza. Mengine yawe 3.5 yakae kimya. Wakati wa kufunga, konekta zichomekwe kwanza, skrubu ziingizwe zote zikiwa legevu, ndipo zikazwe kwa mshalaba. Ukikaza kona moja kabla ya nyingine kushika, umeivuta bodi.

Zimeingia vizuri, lakini hazielewani

Zimekaa kama mkono na glavu, umewasha, kimya. Au mbaya zaidi, kuna harufu. Hapa kosa ni la kioo.

Bodi ya juu inatazama chini. Ukiigeuza konekta upande wa pili wa bodi kwa kitufe cha F kwenye KiCad, inageuka kama sura kwenye kioo. Ikiwa ni mstari mmoja wa pini, kosa linasameheka: zungusha nusu duara, mambo yanarudi sawa. Ikiwa ni mistari miwili, hakuna mzunguko utakaokuokoa. 1 imeketi juu ya 2, 3 juu ya 4, mpaka mwisho. Laini ya volti 5 inakutana na laini ya data. Nilipoteza chipu tatu za ESP32 hivyo, moja baada ya nyingine, nikidhani ni bechi mbovu.

Usifuate majina ya pini, fuata mahali. Chukua multimita (kipima umeme) kwenye mlio, bodi zikiwa zimekutana na hazina umeme, gusa pini ya kwanza ya chini kisha tafuta inalia wapi juu. Fanya hivyo kwa laini ya ardhi (GND), kwa kila laini ya umeme, na kwa pini mbili tatu za data. Kwenye karatasi ya saibani fanya vilevile: andika jina la waya kwenye kila tundu la mchoro wa bodi ya chini, weka mchoro wa juu ukiwa umetazamwa kutoka juu, pitisha sindano. Majina pande zote mbili za sindano lazima yafanane. Ukikuta yamepishana, rekebisha namba kwenye mchoro wa saketi, usijaribu kusokota nyaya kwenye bodi.

Jirani wa kosa hili ni kuchomeka ukiwa umeruka pini moja. Heda isiyo na ukuta pembeni inaruhusu, na usiku ukiwa umechoka utafanya. Kata pini moja isiyotumika, ziba tundu lake kwenye soketi. Basi, haiwezekani tena.

Mezani inafanya kazi, ukikaza skrubu inazima

Pima kimo. Soketi ya kawaida ya 2.54 ina kimo cha 8.5, plastiki ya heda ni 2.5, jumla ni 11. Sasa nenda ukatafute nguzo. Za 10 zimejaa, za 12 zimejaa, za 11 utazunguka River Road mchana kutwa. Basi mtu ananunua za 10. Zinafunga, lakini konekta inakataa kushuka chini ya 11, kwa hiyo bodi inajikunja kila kona kwa milimita nzima. Iangalie kwa ubavu dhidi ya dirisha utauona upinde. Lehemu za pini za mwisho zinapasuka nywele, na kapasita za kauri zilizo karibu na skrubu zinavunjika ndani bila alama. Ukibonyeza kwa kidole inawaka, ukiachia inazima.

Wa nguzo za 12 anapata ugonjwa wa upande mwingine: pini hazikuzama zote, zinashika kwa ncha. Kati ya hao wawili mimi ningechagua 12, kwa sababu pini ndefu huvumilia, bodi iliyokunjwa haivumilii. Lakini jibu sahihi ni nguzo ya 10 na washa ya milimita moja, ile pete bapa ya skrubu, nayo Kamukunji utaipata kwa kilo. Kwa konekta fupi za pichi ndogo usifanye mzaha huu: kimo ndani yake kinahesabiwa kwa sehemu za kumi, nguzo iwe ile iliyotajwa.

Kama kimo ni sahihi na bado inajikunja, laza kila bodi peke yake juu ya kioo cha meza. Kiwango cha IPC, shirika la viwango vya bodi za saketi, kinaruhusu bodi yenye vipande vya juu ya uso ijikunje hadi asilimia 0.75, kwenye urefu wa milimita 100 hiyo ni 0.75 nzima, na kiwanda hakijavunja ahadi yoyote. Ongeza nguzo ya tano karibu na konekta.

Wengine husingizia joto. Kwenye bodi ndogo sikubali kirahisi. Ubao wa FR4, ule unaotengenezewa bodi nyingi, hutanuka kama sehemu 15 kwa milioni kwa kila nyuzi moja, hivyo milimita 120 zikipashwa nyuzi 40 zaidi ya mwenzake huongezeka 0.07. Kwenye heda ya 2.54 hilo halitikisi kitu.

Miezi minne baadaye inaanza kununa

Mteja anasema kifaa kimekufa. Unafika, unachomoa bodi, unachomeka, kimefufuka. Usishangilie. Tazama rangi: heda ya dhahabu ndani ya soketi ya bati, au kinyume chake. Metali mbili tofauti, mtikisiko kidogo wa pampu iliyo jirani, bati linasuguka na kuota kutu nyeusi isiyopitisha umeme. Kuchomoa kulikwangua kutu, ndiyo maana kulifufua, kwa muda. Weka dhahabu na dhahabu au bati na bati. Kwa kinachokwenda Mombasa, au kinachofungwa kwenye bodaboda, mimi siweki bati kabisa.

Bodi ishirini mbovu ziko mezani tayari

Ikiwa mashimo ya skrubu peke yake ndiyo yamehama, tupa ndogo ya mviringo inatosha. Endesha taratibu, kagua kwanza hakuna shaba ya ndani karibu na shimo, na vaa barakoa maana vumbi la ubao ule ni la nyuzi za kioo.

Ikiwa ni kosa la kioo kwenye mistari miwili, usizitupe. Tenganisha bodi, uziunganishe kwa utepe bapa wa nyaya, na konekta ya mwisho mmoja ibanwe kwenye uso wa pili wa utepe. Hapo mistari inabadilishana nafasi, 1 inarudi kwa 1. Kagua kwa mlio wa multimita kabla ya umeme. Kifaa kitakuwa kinene kidogo na hakitaingia kwenye kasha ulilochora.

Ikiwa ni pichi, na futiprinti ndiyo iliyo na 2.50, tafuta konekta za 2.50 za pande zote mbili, ubadilishe na ya bodi nzuri pia kama matundu yake yanaruhusu. Kwa pini sita kwenda chini huenda ukafanikiwa. Kwa ishirini, lehemu waya mojamoja kwenye bodi mbili za majaribio, zitumie kukagua programu na kila kosa lililobaki, na hizo 18 nyingine zinyofoe vipande vyake. Rilei zangu za toleo la pili zilitoka huko.